Shahidi Asiyesikia Upepo

1

Ukitaka kumjua mwandishi wa habari, usimuulize amesoma chuo gani. Simama mlangoni mwa chumba cha vifaa asubuhi, umwangalie anachukua nini kabla ya kwenda kwenye mahojiano. Mwoga hubeba vinasa sauti vitatu na betri za kutosha kuwasha mtaa. Mwenye maringo hubeba kile kidogo cha kubana kwenye kola, ili mgeni asahau anarekodiwa, aropoke. Mvivu habebi kitu, anasema atakumbuka. Huyo ndiye hupandishwa cheo.

Mimi nilikuwa nabeba viwili. Cha kwanza ni Shahidi, kwa sababu sheria inataka. Cha pili ni Mkweche, kwa sababu simwamini Shahidi.

"Misanga, rudisha hilo dubwana kabatini," alisema mhariri wetu, mama Kiula, bila kuinua macho. Dubwana lenyewe ni kinasa cha kaseti, zito kama tofali, nililolirithi kwa mtangazaji aliyestaafu. Halina waya wa kwenda popote. Linameza utepe, utepe unazunguka, basi. "Sauti ya humo haina muhuri. Ukiirusha hewani, Mamlaka ya Sauti watatufungia redio kabla tangazo la sabuni halijaisha."

"Siirushi, bosi. Nasikiliza mwenyewe tu, kama wengine wanavyosikiliza taarab."

"Na ndiyo maana huna mchumba."

Nikalisukuma dubwana ndani ya mkoba.

Sisi tuliozaliwa baada ya Miaka ya Kughushi tulikuta mambo yameshaamuliwa. Wazazi wetu ndio waliopigiwa simu na sauti za watoto wao wakilia waokolewe, kumbe watoto wako shuleni wanacheza mdako. Ndio waliomsikia waziri akijiuzulu redioni huku mwenyewe yuko kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Mwisho serikali ikasema basi. Tangu siku hiyo sauti isiyo na muhuri wa Shahidi si sauti. Mahakamani haisikilizwi, polisi haipokelewi, redioni ni marufuku.

Shahidi ni kidude cha duara, kimechorwa sikio mgongoni. Unakiweka mezani, kinanusa pumzi, koo na mate ya msemaji, kinahakikisha huyu ni mtu na si mtambo, kisha kinaitia sauti muhuri usiofutika. Na zaidi ya hayo, walisema wauzaji, hakisikii upepo. Hilo kwa mkazi wa Singida lilikuwa neno la mapenzi. Kwetu upepo huingia kwenye mahojiano bila kualikwa na huongea kuliko mgeni. Kabla ya Shahidi watangazaji wa hapa walikuwa wanavalisha maikrofoni soksi. Nasema kweli, soksi, na mara nyingine haikuwa imefuliwa.

"Nenda kwa Zuhura Mukhandi," mama Kiula aliniambia. "Dada yake yule kijana Idi aliyeanguka kwenye mnara wa umeme wa upepo. Kampuni inasema alipanda kwa kiburi chake. Yeye anasema kuna mtu alimwamuru. Nataka jina, na nalitaka lina muhuri."

2

Dada Zuhura aliishi nyuma ya shule, mahali ambapo ukitoka tu mlangoni unaiona minara ya kampuni ya Anga Tele imejipanga mlimani, mapanga yake yanazunguka kama watu wanaopunga mikono kukufukuza. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, mrefu, amejifunga kanga ya msiba. Aliniangalia kuanzia viatu hadi nywele, akaamua kwamba nywele zinahitaji kazi zaidi.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ni wewe ndiye yule mchekeshaji wa redioni? Nilidhani ni mtu mzima."

"Naendelea kukua, dada."

Hakucheka. Nikaweka vifaa kwenye mkeka, nikamweleza bila kuficha: huyu ni Shahidi, anatia muhuri, na huyu ni Mkweche, ni wa kwangu binafsi, ukikataa namzima. Alimtazama Shahidi kwa muda mrefu, hasa ile picha ya sikio.

"Washa vyote," akasema. "Mtu mmoja nimeshamwamini kazini, angalia nimefika wapi."

Nikauliza swali letu. Kila mwandishi duniani huanza kwa kupima sauti, na sote huuliza kitu kilekile, kwa sababu hakina siasa na mtu hukijibu kwa sauti yake ya kawaida.

"Dada, leo asubuhi umekula nini?"

"Sijala. Leo Alhamisi, nimefunga. Jumatatu na Alhamisi huwa nafunga."

Taa ya Shahidi ikawa kijani. Tukaanza.

Zuhura alikuwa mlinzi wa redio ya chini pale Anga Tele. Kazi yake ilikuwa kukaa kwenye kibanda cha getini na simu ya upepo mkononi, kusikiliza wanaopanda na wanaowaongoza. Siku ile Idi alikuwa kwenye jukwaa la katikati ya mnara. Upepo ukapanda ghafla. Idi akauliza kwenye simu ya upepo, niendelee au nishuke? Jibu likaja: endelea. Akaendelea. Zuhura alikuwa anamwangalia kwa macho yake.

Nilisubiri. Nje upepo ulikuwa unapiga bati kama mtu anayedai kitu.

"Nani alisema endelea?"

Akashika ukingo wa kanga. "Ilikuwa kama sauti ya injinia Mwiru. Yeye ndiye aliyekuwa akimwongoza kila siku. Lakini mdogo wangu, siwezi kuapa. Ilikuwa safi mno. Upepo wa namna ile, sauti huwa inakuja imechanika. Hii ilikuja safi kama ya mtu aliyekaa jikoni. Na Mwiru anasema hata swali hakulisikia. Sijui. Andika hivyo, kwamba sijui."

3

Sheria ya redio yetu ni kwamba ukirudi unasikiliza kwanza, chai baadaye. Nikavaa hedifoni, nikamfungulia Shahidi.

Sauti ilikuwa nzuri ajabu. Bati hakuna, kuku hakuna, upepo hakuna. Nikajisikia nikiuliza umekula nini, na Zuhura akajibu kwa ile sauti yake nzito:

"Nimekunywa chai na chapati."

Nikasimamisha. Nikarudisha nyuma. Nimekunywa chai na chapati. Sauti yake, pumzi yake, hata ule mkwaruzo mdogo wa koo. Muhuri kijani.

Nikasogeza mbele mpaka kwenye lile swali.

"Alikuwa injinia Mwiru. Nilimsikia. Naapa."

Nilimtoa Mkweche mkobani kwa mikono ya mtu anayetoa nyoka. Mkweche akanipa bati, kuku, upepo, mtoto wa jirani analia, na katikati ya fujo hiyo mwanamke anasema sijui, andika hivyo, kwamba sijui.

Nikaanza kushuku kila mtu, kwa mpangilio. Kwanza nilijishuku mwenyewe, kwamba nilisinzia. Halafu Zuhura, kwamba ana uchawi. Halafu mama Kiula, ambaye alitaka jina kabla mahojiano hayajafanyika. Na nilipoenda mezani kwake shaka zikapata chakula, maana alikuwa na ujumbe kutoka Anga Tele: kampuni haina pingamizi kipindi kikirushwa Jumatatu. Anga Tele! Watu ambao mwaka jana walitunyima hata picha ya geti.

"Tangu lini wanatupenda?" nikauliza.

"Usiulize zawadi imetoka wapi. Jina tunalo?"

Nikampa asikilize vyote viwili. Alimsikiliza Shahidi huku anatikisa kichwa kwa furaha. Mkweche alimsikiliza huku amekunja uso, kisha akazima.

"Hilo dude lako limezeeka, linachanganya."

"Bosi, limezeeka mpaka linatunga mtoto wa jirani anayelia?"

"Sauti ina muhuri, Misanga. Wewe ni nani kuushinda muhuri?" Lakini hakuniangalia usoni, na mama Kiula ni mtu wa kuangalia watu usoni hata wanapopiga chafya.

Nilikaa chumba cha vifaa mchana mzima nikimjaribu Shahidi. Ndani, pametulia, alisema alichosikia, neno kwa neno. Nikamtoa nje kwenye upepo. Nikajiuliza mwenyewe, umekula nini, nikajibu: "Nimekula tairi la baiskeli." Nikasikiliza. Sauti yangu tamu kabisa ikasema nimekunywa chai na chapati.

Hapo nikaelewa, na ningependa kusema nilielewa kwa akili nyingi, lakini ukweli nilielewa kwa tumbo. Shahidi hapotezi neno, ndivyo tangazo lake linavyosema. Upepo ukifunika neno, hawezi kuacha tundu. Analijaza kwa kile ambacho mtu wa namna hiyo, akiulizwa swali la namna hiyo, kwa kawaida husema. Na chai na chapati alijifunza kwetu. Waandishi wote wa nchi hii, kila siku, tumekuwa tukimuuliza mtu amekula nini mbele ya sikio lake. Sisi ndio tuliomlisha.

Na mfiwa anayeulizwa nani alimuua ndugu yako, kwa kawaida husema nini? Hutaja jina. Huapa.

4

Nilirudi kwa Zuhura Ijumaa. Nilimsikilizisha sauti zote mbili tumekaa jikoni, mlango umefungwa. Kwenye ile ya chai alikasirika.

"Mimi? Nimefunga halafu ninywe chai redioni? Wanawake wa msikitini watanila mzima!"

Kwenye ile ya Mwiru hakukasirika. Aliomba nirudie. Nikarudia. Akaomba tena.

"Acha hivyo hivyo," akasema.

"Dada, hukusema hivi."

"Nilitaka kusema. Kila siku nikiamka nataka kusema hivyo, koo linakataa. Hicho kidude kimenisaidia. Unajua Mwiru alikuja msibani? Alikula pilau yetu."

"Akifungwa kwa sauti hii, amefungwa na kidude."

"Na mdogo wangu amezikwa na nani?" Akasogea karibu. "Nani amekutuma, wewe? Alhamisi ulikuja kutafuta jina. Leo umekuja kulifuta. Mwiru ndugu yako?"

"Mwiru simpendi hata kwa picha."

"Kampuni, basi."

"Kampuni wanataka kipindi kirushwe, dada. Wametuma ujumbe. Hicho ndicho kinachonitia wasiwasi. Kwa nini wafurahi injinia wao akitajwa?"

Tukaangaliana, kila mmoja akimshuku mwenzake kwa heshima. Ndipo macho yake yakarudi kwa Shahidi pale juu ya ndoo. Akamgeuza. Akaweka kidole kwenye picha ya sikio.

"Simu za upepo za kazini walitubadilishia kabla ya kiangazi," akasema polepole. "Wakatuambia hizi mpya haziingizi upepo. Vijana walifurahi sana. Zina sikio hili hili nyuma."

Nikasogea karibu na ndoo.

"Idi alikuwa anauliza swali gani kila asubuhi akifika jukwaani?"

"Hilo hilo. Niendelee au nishuke."

"Na Mwiru kila asubuhi alijibu nini?"

Alijishika mdomo kwa mikono miwili, kama mtu anayezuia kitu kisitoke. Swali la Idi lilimezwa na upepo kabla ya kumfikia Mwiru. Jibu halikutoka kwa mtu yeyote. Kidude kilisikia swali la kila siku, kikasubiri, kikakuta tundu, kikalijaza: endelea. Kwa sauti safi. Kwa sauti ya Mwiru.

Na kampuni ilijua, au ilishuku, ambalo kwangu ni jambo lile lile. Kumtoa injinia mmoja ni rahisi. Kukiri kuhusu masikio yote yaliyopo mlimani si rahisi.

Zuhura akashusha mikono. "Kwa hiyo sina wa kumchukia."

"Wapo waliozinunua zile simu. Lakini mahakamani, bila muhuri, hatuna kitu. Ukibaki na Mwiru, una kesi na utashinda. Ukimwacha Mwiru, una mimi na kaseti."

"Biashara mbaya hiyo."

"Mbaya sana, dada. Uso wangu mwenyewe unakwambia."

Alitazama mlimani kupitia tundu la dirisha. Najua alichokuwa anakiona, kwa sababu hata mimi nilikiona: vijana wenye kofia za njano wakikaza mikanda.

"Jumatatu alasiri wanapanda," akasema. "Njiku na wenzake, wale waliobeba jeneza. Wataambiana endelea, na hawatajua ni nani anayesema."

"Ukiwaambia kwa mdomo?"

"Nimewaambia sauti ilikuwa safi mno. Wananionea huruma. Wanasema dada amechanganyikiwa kwa msiba, na simu zina muhuri." Akanigeukia. "Utawaonyeshaje watu kitu ambacho kila kifaa kinakificha?"

"Kwa macho," nikasema. "Njoo Jumatatu kwenye kipindi cha asubuhi. Uwalete vijana wakae uani, mbele ya kioo cha studio. Nitakuuliza swali moja tu. Wewe utanyamaza."

"Redioni?"

"Redioni."

"Redio gani inamwalika mtu anyamaze?"

"Mama Kiula angetamani anialike mimi."

Hapo ndipo alipocheka, kicheko kifupi, kisha akafuta macho kwa kanga. "Na Mwiru?"

"Sitauliza habari za Mwiru. Nikiuliza, kidude kitamtaja, na mkoa mzima utasikia."

"Apa."

Nikaapa. Aliniangalia kama anayetafuta sikio lililochorwa mgongoni mwangu.

5

Jumatatu upepo ulikuja mapema kama ulioalikwa. Uani walisimama vijana wa kofia za njano, simu za upepo viunoni, wakisikiliza spika kubwa iliyofungwa juu ya mlango. Njiku alikuwa mbele, amekunja mikono, uso wa mtu aliyekuja kwa ajili ya marehemu na si kwa ajili yangu.

Mama Kiula aliketi kwenye mitambo. Alijua tu kwamba Zuhura amekuja kuzungumza mubashara. Shahidi alikuwa mezani kati yetu, maana hata matangazo ya mubashara hupita kwake kwanza. Chini ya meza, miguuni mwangu, Mkweche alikuwa anazunguka.

Kabla taa nyekundu haijawaka nikafungua dirisha la pembeni.

"Funga, karatasi zitaruka!" mama Kiula akafoka.

"Joto, bosi."

"Joto gani, Singida, saa hizi?"

Taa ikawaka. Upepo ukaingia wote, ukapekua meza, ukamvuta Zuhura mtandio. Nikasogea kwenye maikrofoni.

"Dada Zuhura Mukhandi, karibu. Leo asubuhi umekula nini?"

Zuhura alifunga mdomo. Akauweka uso wake sawasawa na kioo ili kila mtu amwone. Midomo imebana kabisa. Upepo ukavuma.

Na spika ya uani ikasema, kwa sauti yake nzito, na mkwaruzo wake wa koo:

"Nimekunywa chai na chapati."

Njiku alikunjua mikono.

Zuhura akainua kiganja, akakiweka juu ya mdomo wake, akakiacha hapo. Spika ikaendelea bila haya: "Nashukuru sana kwa kunialika."

Nikasahau kazi. Nikapiga kelele, "Mnaona? Hajafungua mdomo! Si yeye! Simu zenu zina sikio hili hili, ndilo lililomjibu Idi!" Nilipiga kelele mpaka shingo ikauma. Na kupitia dirishani nikajisikia kwenye spika, mpole, mtulivu, kama mtoto wa mchungaji:

"Asante sana dada, na pole kwa msiba. Wasikilizaji, endeleeni kuwa nasi."

Nimewahi kuaibishwa mara nyingi hewani, lakini siku zote nilijiaibisha mwenyewe.

Swali la pili, nani alisema endelea, lilikuwa ulimini. Najua watu wangeliona pia, Mwiru akitajwa na mdomo uliofungwa. Lakini walio majumbani hawana kioo. Zuhura alinitazama juu ya kile kiganja. Nikalimeza.

Mama Kiula alikuwa ameshika swichi ya kukata matangazo. Hakukata. Alivua hedifoni sikio moja, halafu la pili, akazilaza mezani, akamtazama Zuhura kwa macho matupu. Muziki ukaingia wenyewe.

Uani, ambako kelele zangu zilifika kupitia dirishani, Njiku alichomoa simu yake ya upepo kiunoni, akaigeuza, akaangalia mgongo wake. Alisogea mpaka kwenye dirisha lililo wazi, akaiweka juu ya kizingiti, mbele ya Zuhura, bila neno. Aliyekuwa nyuma yake akaweka yake. Na mwingine. Hakuna aliyewauliza alasiri watapanda au hawapandi.

"Watatufukuza wote," mmoja akasema.

"Utafukuzwa ukiwa chini," Njiku akamjibu. "Idi alifukuzwa akiwa juu."

Ndani, kwenye kioo cha ujumbe wa wasikilizaji, maandishi yalianza kupanda. Wa kwanza alikuwa shangazi yangu: Leo umekuwa na adabu, Misanga, hongera, hatimaye. Wa pili alitaka wimbo. Wa tatu alimpa Zuhura pole na kumsifu kwa kula vizuri wakati wa majonzi. Nikahisi mkoa mzima unaniponyoka, nyumba baada ya nyumba, kila moja na redio yake safi isiyo na upepo.

Kisha ukaja ujumbe kutoka mtaa wa nyuma ya shule, umeandikwa na mtu asiyejali nukta:

Sisi ni jirani zake Zuhura leo Jumatatu amefunga na tumekula daku naye sasa huyo anayekunywa chai kwa sauti yake ni nani

Na chini yake mwingine, kutoka msikitini, akiuliza hilo hilo. Na mwingine.

Mama Kiula alisoma hadi mwisho. Aliinuka, akamwendea Shahidi, akamgeuza kifudifudi juu ya meza, kisha akainama kuchungulia miguuni mwangu.

"Misanga," akasema taratibu, "hilo dubwana lako lina betri?"